Hotuba ya Josho Niliyoisoma Nusu

Ipo siku moja ya mnada pale Kisaju, katika miaka ya tisini, ambayo hainitoki, mwanangu. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi nje ya hoteli ya chai, gazeti limefunuliwa magotini, na wazee wapatao kumi wamenizunguka wakisubiri niwasomee. Niliwasomea nusu. Sikutamka uongo hata neno moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa maana kila nililolisoma lilikuwa limeandikwa. Lakini yapo niliyoyaruka, na kwa ajili ya hayo niliyoyaruka ng'ombe wa watu walikufa.

Nikueleze kwanza nilikuwa nani. Baba yangu alitoka upande wa Machakos akaja kuchonga mawe karibu na Kitengela, wakati Kitengela ilikuwa maduka machache na uwanda mpana ambao pundamilia waliupita bila kuuliza mtu. Baadaye alimjengea tangi la mawe mzee mmoja wa Kimaasai wa Kisaju aliyeitwa Lekishon. Kazi ilimpendeza mzee huyo, akampa baba mahali pa kujenga, nasi tukakaa hapo. Nilikua na watoto wa Mzee Lekishon, nikachunga nao, nikajua Kimaa, lugha yao, kabla sijakijua Kikamba vizuri. Tofauti yetu ilikuwa moja tu: mimi nilisoma hadi kidato cha nne, na wao shule iliwashinda au wao waliishinda, sijui.

Basi nikawa macho ya watu. Gazeti lilifika Kisaju na basi, mara nyingi likiwa la jana, nalo lilikuwa la Kiingereza. Siku ya mnada, wazee wakishamaliza kuangalia bei za mbuzi, walininunulia chai na andazi, nami nikawasomea huku nikigeuza kila habari kwa Kimaa, na kwa Kiswahili kwa wale waliotoka kwingine. Hakuna aliyenilipa. Heshima ya kusikilizwa na watu wenye mvi ilinitosha. Ilinitosha kupita kiasi, kama utakavyoona.

Mbunge wetu wa wakati huo alikuwa wa upinzani. Upinzani ulikuwa bado mchanga, na watu walitarajia kwamba mtu wa upinzani akisimama bungeni ataidai serikali kila kitu: barabara, maji, chakula, kazi. Huyu wetu hakuwa hivyo. Alikuwa amesimamia ushirika wa wafugaji kwa miaka mingi kabla ya kuingia siasa, na mambo ya uchumi aliyatazama kama mtu mwenye boma anavyotazama kundi lake. Alisema serikali isikope ili ilipe mishahara, kwa sababu huko ni kuchinja mtamba ili ushibe leo. Alisema kodi zipunguzwe, mfugaji aachiwe auze anapotaka, na kitu kinachoitwa cha bure kiulizwe kwanza nani anakilipia. Watu walimpa jina la Breki. Walisema wenzake wa upinzani wanakanyaga mafuta, yeye anakanyaga breki. Jina likashika, hata watoto walimjua kwalo.

Mimi nilikuwa na kisa changu naye. Tangu nimalize shule nilikuwa nimeandika barua za kuomba ukarani katika kila ofisi ya serikali pale Kajiado, na kila jibu lilisema nitajulishwa. Siku moja nikasoma gazetini kwamba mbunge wangu mwenyewe amesimama bungeni akasema serikali ina wafanyakazi wengi kuliko inavyoweza kuwalipa, isimamishe kuajiri. Niliisoma habari ile mara tatu. Nilihisi kana kwamba ameitaja barua yangu kwa jina. Mama aliniuliza mbona sili, nikamwambia tumbo. Hasira hasara, wahenga walisema, ila hasara ya hasira yangu haikunifikia mimi kwanza.

Baada ya miezi michache ndipo ikaja hotuba ya josho.

Wewe umezaliwa wakati Kisaju ni ploti na nyua, kwa hiyo nikueleze. Josho lilikuwa mfereji wa saruji wenye kina, uliojazwa maji na dawa ya kupe. Ng'ombe waliingia upande mmoja, wakaogelea, wakatokea upande wa pili wakichuruzika. Bila josho, kupe huleta ndigana, na ndigana haina huruma: ng'ombe huvimba tezi za shingo, hupata homa, hushindwa kupumua, na kwa muda mfupi amekwisha. Kwa miaka mingi serikali ndiyo iliyoweka dawa, bure. Halafu dawa ikaanza kuwa hafifu, halafu ikawa inaletwa na kukosekana, na mwishowe mfereji wetu ukabaki na maji ya kijani yasiyoua hata nzi.

Hotuba ya mbunge ilijaza karibu nusu ukurasa. Alisema serikali haina tena pesa za dawa na iache kudanganya wafugaji. Iachane na majosho, iwakabidhi wafugaji wenyewe kwa maandishi, na mfugaji alipe kidogo kila anapoogesha. Hiyo ilikuwa sehemu ya kwanza. Sehemu ya pili ilisema kwamba kabla ya kuyakabidhi, serikali iyajaze dawa mara moja, iondoe ushuru kwenye dawa za mifugo ili bei ishuke, na daktari wa mifugo abaki palepale akilipwa na serikali. Alimalizia kwa kusema kwamba kitu cha bure kisichokuwepo ni ghali kuliko kitu cha kulipia kilichopo.

Nilisoma sehemu ya kwanza. "Breki anasema serikali iachane na majosho," niliwaambia wazee, "na mfugaji alipe." Nikanyamaza hapo, nikakunja gazeti taratibu, nikanywa chai. Mzee mmoja akauliza kama ng'ombe wake sasa atapewa risiti akitoka majini. Watu wakacheka hadi mwenye hoteli akatoka kuona kuna nini. Mwanangu, kicheko cha wazee ni kitu kitamu sana kwa kijana asiye na kazi. Niliketi pale nikijiona nimeshinda. Nilijiambia kwamba sikusema uongo.

Wahenga walisema nusu shari kuliko shari kamili. Hawakusema nusu neno.

Hata hapo ningeweza kurudi. Wiki mbili baadaye mbunge alikuja Kisaju mwenyewe, kwenye baraza ya chifu. Alikuwa amekubaliana na ofisi ya mifugo ya wilaya kwamba josho lolote ambalo wenyewe wataunda kamati na kutia sahihi kabla ya mvua ya Machi litajazwa dawa mara ya kwanza bila malipo. Isinya walikuwa wamekwisha kutia sahihi. Alikuja kutuomba na sisi tutie. Aliongea Kimaa, polepole, kofia mkononi.

Hakufika mbali. Kijana mmoja wa rika langu alipaza sauti kutoka nyuma: "Mheshimiwa, wewe unaoga bure huko bungeni, mbona ng'ombe wetu ndio walipe maji?" Watu wakacheka, na mwingine akaongeza kwamba Breki ashushe abiria wapande gari lingine. Mbunge alisubiri wanyamaze.

"Hakuna kupe amewahi kufa kwa ahadi," alisema. "Serikali imewaahidi dawa miaka mingapi? Mimi siwezi kuwaahidi kitu hakipo."

Akaeleza kuhusu dawa ya kwanza na kuhusu ushuru. Watu walitazamana. Mzee Lekishon, ambaye ndiye tuliyemwita mwenyekiti wa josho ingawa hakuna aliyemchagua, alisimama akasema kwamba hayo ya dawa ya kwanza hakuyasikia gazeti liliposomwa. Labda mheshimiwa ameyaongeza leo baada ya kuona watu wamekasirika. Kisha akanigeukia mbele ya watu wote.

"Mutua, wewe ndiye ulisoma. Ni hayo tu yalikuwa yameandikwa, ama kulikuwa na mengine?"

Baraza nzima ilinitazama. Mbunge naye alinitazama, bila hasira, kama mtu anayengojea karani athibitishe. Nilijua nikisema ukweli wazee watajua nilivyowafanyia, na kile kicheko cha hoteli kitanigeukia mimi. Nikakumbuka pia barua zangu za kazi.

"Ni hayo tu," nikasema.

Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile ulivunja mifupa ya wengi. Watu waliondoka. Karatasi ya kamati ilibaki mezani kwa chifu bila sahihi hata moja. Mbunge alivaa kofia yake, akasalimia wazee mmoja mmoja kwa mkono, akaingia kwenye gari lake akaenda.

Mvua ya Machi ilinyesha vizuri mwaka huo. Nyasi zikaota, na kupe wakaota pamoja nazo. Waliokuwa na pampu za mgongoni walinyunyizia ng'ombe wao. Wengine walitembeza mifugo hadi Isinya, ambako josho lilikuwa limejaa dawa mpya, lakini kamati ya Isinya iliogesha ng'ombe wa Isinya kwanza, na ni nani angewalaumu? Mzee Lekishon alikataa kwenda huko mapema. Aliona aibu kuomba kwa jirani kitu alichokikataa kwake. Alipokubali kwenda, nusu ya kundi ilikuwa tayari inakohoa. Ng'ombe wa mama yangu tuliyekuwa tukimkamua naye alikufa, tukarudi kunywa chai ya rangi. Lakini hasara yetu ilikuwa ya ng'ombe mmoja. Mzee Lekishon alizika siku hadi siku, mpaka boma lake likawa na nafasi kuliko ng'ombe.

Daktari wa mifugo alikuja kutoka Kajiado kutazama mizoga. Mzee akamlalamikia kwamba Breki ndiye aliyetuharibia, aliyetaka serikali iachane na majosho. Daktari alishangaa. Alisema mapipa ya dawa ya josho letu yalikaa stoo pale ofisini mpaka mvua zilipoanza, yenye jina la Kisaju kwa chaki, na kwamba mbunge mwenyewe alikuja mara mbili kuuliza kama tumetia sahihi. Tena akasema hotuba ile ilikuwa na sehemu ya pili, kwamba hata wao ofisini waliisoma gazetini.

Asubuhi iliyofuata niliitwa na Mzee Lekishon.

Nilimkuta mlangoni pa boma, fimbo mkononi, uso mkavu. Kwa desturi ya pale, kijana humwinamishia mzee kichwa, na mzee humgusa utosini kuwa ndiyo salamu. Nilikuwa mtu mzima tayari, lakini Mzee Lekishon alikuwa akinigusa kichwa tangu nikiwa mdogo na mimi sikuwahi kuacha kumwinamia. Nikainama. Mkono haukuja. Nilikaa nimeinama hivyo, nikitazama viatu vyake vya matairi, mpaka nikainuka mwenyewe.

"Kulikuwa na mengine?" aliniuliza.

"Yalikuwepo, baba."

Alitikisa kichwa, kama mtu aliyehesabu vizuri lakini alitumaini amekosea.

"Mutua, mimi niko na macho, lakini hayasomi. Yako ndiyo nilikuwa natumia. Ungekataa kunisomea, ningetafuta mwingine. Ungesema hujui hicho Kiingereza, ningeuliza daktari. Wewe ulinipa nusu, mimi nikaenda nayo nikijua ni yote."

Nikamweleza habari ya kazi, barua zangu, na yale aliyosema mbunge kuhusu kuajiri. Nilidhani akijua sababu atanionea huruma kidogo. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Sasa ng'ombe wangu ndio walikukataa kazi?" akasema.

Alisema pia kwamba Wamaasai wana msemo, shingo haipiti kichwa. Mimi nilikuwa shingo tu, ya kugeuza kichwa kione, lakini nilijifanya kichwa. Kisha akaniambia adhabu yangu. Hakutaka mbuzi wala kitu changu chochote, kwanza nilikuwa na nini? Alitaka siku ya mnada niwasimamishe watu penye josho, niwasomee hotuba ile tena, yote, kuanzia neno la kwanza, halafu niseme kwa kinywa changu nilichoacha na kwa nini.

Gazeti nilikuwa nimeliweka. Sijui kwa nini niliweka. Mwenye kosa huweka ushahidi wake mwenyewe. Nilisimama kwenye ukingo wa mfereji mkavu nikasoma. Nilipofika sehemu ya pili nikaanza kusoma kwa sauti ya chini, mzee mmoja akaniambia kwa upole niongeze sauti, wengine wa nyuma hawasikii. Hilo liliniumiza kuliko tusi. Baada ya kusoma nilisema nilichofanya. Yule kijana wa mzaha wa kuoga hakucheka. Baba yake pia alikuwa amezika ng'ombe.

Watu walitia sahihi siku hiyohiyo. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Dawa ya bure ya kwanza ilikuwa imekwisha kupewa wengine, ikabidi kila boma litoe mnyama wa kuuza ili tununue yetu. Kamati ikanifanya katibu wake, bila malipo. Mzee Lekishon alisema nitasoma kila karatasi itakayokuja mpaka wao wachoke kusikiliza, na hawakuchoka. Nilifanya kazi hiyo miaka mingi, hadi miaka ya elfu mbili, wakati ardhi ilipoanza kukatwa ploti na nyua zikafunga njia za ng'ombe, na josho likabaki katikati ya mashamba ya watu.

Mbunge naye alishindwa kwenye uchaguzi uliofuata. Sisemi ni mimi niliyemwangusha; siasa ina mikono mingi. Lakini kicheko changu kilikuwa kimefika hadi Ewuaso Kedong, mbali kule ambako sikuwahi kukanyaga, watu wakikirudia kwamba Breki anataka ng'ombe wapewe risiti. Ukweli wangu wa ukingoni mwa josho uliishia Kisaju. Ndivyo ilivyo, mwanangu. Jambo la kuchekesha hupanda gari, na jambo la kusahihisha huenda kwa miguu.

Nilikutana naye miaka kadhaa baadaye pale Kajiado mjini, amesimama kwenye foleni ya ofisi ya ardhi kama mtu mwingine yeyote, bahasha kwapani. Nilipita mara mbili kabla ya kupata nguvu za kumsalimia. Nikamwambia mimi ni Mutua wa Kisaju, yule aliyesema ni hayo tu.

"Nilijua siku ileile," alisema. "Mtu akiwa anasema ukweli haangalii viatu vyake."

Nikamwomba msamaha, akanipa bila kurefusha. Ndipo akaniuliza kilichonifanya nimfanyie vile. Nikamweleza ile hotuba ya kusimamisha kuajiri, na jinsi nilivyokuwa nikingoja barua.

"Kuhusu hilo la kuajiri," akasema, "hata leo ningesema vilevile. Serikali haikuwa na uwezo."

Sijui nilipata wapi ujasiri. "Na mimi hata leo ningekupinga, mheshimiwa. Ulizungumza juu ya mishahara kana kwamba hakuna watu ndani yake. Ungesema basi sisi tuliosoma tuelekee wapi."

Alicheka, akasogea mbele hatua moja maana foleni ilikuwa imesonga. "Sasa hapo umenipinga," akasema. "Hiyo naweza kuijibu. Ile ya kwanza ningejibu nini? Ulinipiga na maneno yangu mwenyewe uliyoyakata miguu."

Tulibishana mpaka akafika dirishani. Hatukukubaliana, na tuliagana vizuri.

Mwanangu, leo hamsomewi gazeti na mtu wa hoteli. Kila mmoja ana simu, na ndani ya simu kuna mheshimiwa anayesema sentensi moja, watu wanacheka, anakatwa. Mnatumiana. Sikukatazi kucheka, wala sikukatazi kumpinga kiongozi. Mimi mwenyewe nimekuambia nilimpinga na sijutii hilo. Ninachokuambia ni hiki. Kabla hujampinga mtu, msikie hadi mwisho, hata kama mwanzo umekuudhi, na hasa kama mwanzo umekuudhi. Ukiwapelekea wengine maneno yake, yapeleke yote, pamoja na yale yanayompa yeye nguvu. Hasira yako na mtu ipeleke kwake, usiipitishe kwa mifugo ya jirani. Ukiulizwa mbele ya watu kama kulikuwa na mengine, na yalikuwepo, sema yalikuwepo, aibu ikupate hapohapo ungali na nafasi ya kurekebisha. Na ukipewa elimu ambayo wenzako hawana, ujue umeazimwa macho ya watu wengi. Mzee Lekishon alikufa akiwa ameniita tena kumsomea, lakini kundi lake halikurudi kuwa lile la zamani, na hilo sikuweza kulisoma upya kwa sauti.

Mungu akupe subira ya kufika ukurasa wa pili. Akupe ulimi mzito unapokasirika na mwepesi unapotakiwa kukiri. Mvua ikukute umejiandaa, boma lako lijae, na wazee watakaokuuliza jambo waondoke kwako wakiwa na jibu zima.